Safu Moja ya Ndimu

Tulipomzika Eddo Hawa, watu waliokuja kutupa pole waliondoka na ndimu mifukoni. Si kwamba tuliwagawia. Walizichuma wenyewe, mmoja mmoja, wakipita kati ya midimu kuelekea kwenye mikeka ya wanaume, na hakuna aliyeomba ruhusa, kwa sababu ndivyo alivyowazoesha mwenyewe alipokuwa hai: anayekuja na salamu haondoki mikono mitupu. Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake karibu na jiko, nikimtazama Adeer Abdille, yaani ami yangu, kaka mkubwa wa Eddo, aliyeletwa kwa gari kutoka Habaswein. Macho yake siku hizi hayaoni mbali. Alikuwa ameshika ndimu moja, anaizungusha kiganjani na kuinusa, na hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu nipigiwe simu. Hata kilio chenyewe kilikuwa na shukrani ndani yake. Eddo kwetu Wasomali ni shangazi, dada ya baba. Huyu alinilea mwaka mmoja tu, lakini ukiniuliza mimi ni nani leo, nitakuanzia kwenye mwaka huo. Ya nyuma yake, nani alimzaa nani na kwa nini nilipelekwa kwake, waulize wanaopenda kuhesabu mababu. Kwetu hawakosekani.

Nilifika shambani kwake nikiwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na nimejaa majivuno ya mtu ambaye bado hajaambiwa amepata nini. Shamba liko kando ya Tana, mwendo mfupi kutoka mjini Garissa. Chumba kilikuwa cha mabati, kimegawanywa katikati kwa bati lingine ambalo halikufika juu, na humo mlinuka mchanganyiko ambao sijaukuta popote tena: ubani aliofukiza kila jioni na dizeli ya pampu ya maji. Asubuhi tulikula anjera, chapati zetu laini za maji, na mafuta ya simsim, chai ikiwa imekolea maziwa na iliki. Mchana ulikuwa wali na ndizi mbivu pembeni, na juu ya wali tulikamua ndimu, maana Eddo alikuwa haamini kwamba wali bila ndimu ni chakula. Sasa hapo ndipo paliponichekesha: mwenye shamba la midimu alikuwa akinunua ndimu sokoni. Nilimtania siku ya kwanza, akacheka. Siku ya pili hakucheka, nikajua kuna jambo.

Midimu yenyewe ukiitazama ungesema mashallah. Majani mapana, meusi kwa ukijani, yanang'aa kana kwamba yamepakwa samli, na kila wiki yanachipua mengine. Ndimu? Hapa moja, pale moja, yenye ganda nene na maji kidogo. Eddo alikuwa amezaliwa nyuma ya ngamia. Alipofiwa na mume na ukame ukamalizia mifugo, alikuja mtoni na kupanda miti hii kwa mikono iliyokuwa haijawahi kushika jembe, na macho aliyoitazama nayo yalikuwa macho ya mfugaji. Mfugaji akiona ngozi inang'aa na nundu imesimama, hana swali la pili. Na alivyoilisha ndivyo alivyowalisha ngamia chumvi. Kwetu ngamia hapewi chumvi kila siku. Anahamishwa kwa msimu wake, anapelekwa penye ardhi ya chumvi, anakula mpaka ashibe, kisha ananyweshwa maji mengi. Basi Eddo akanunua urea, ile mbolea nyeupe ya chembechembe, na msimu ulipofika akaipima kwa mkebe wa mafuta ya kupikia, akamwaga mkebe mzima kwenye shina la kila mti, kisha akafungulia pampu mpaka shamba likawa dimbwi. Mti usipozaa, msimu uliofuata aliongeza. Alifanya hivyo kwa mapenzi kabisa, na mimi hadi leo nikimwona mtu anamlisha mtoto kupita kiasi namkumbuka.

Bwana shamba aliyekuwa akituzungukia alikuwa Mkamba wa Kitui, jina lake Mutinda, mtu mwembamba, mpole, mwenye pikipiki iliyolia kuliko pampu. Eddo alikuwa na Kiswahili cha sokoni, Mutinda hakuwa na Kisomali hata cha kuombea maji, kwa hiyo mimi nikawa ulimi wao. Majivuno yangu yalinitoka upesi. Niligundua kwamba Kiswahili nilichofaulia mitihani hakikujua chipukizi wala tawi kavu, na kwamba kumfasiria mtu mzima ni amana. Leo nafundisha Kiswahili shule ya msingi, na watu hudhani nilikipata chuoni. Nilikipata pale, kati ya watu wawili walionitegemea nisipunguze neno wala nisiongeze. Siku ile Mutinda aliposema miti inakula kupita kiasi, Eddo hakunisubiri. Alimjibu mwenyewe, kidole kikielekea kwenye mdimu: "Mti hii iko na afya sana. Wewe nataka gonjwa?" Mutinda hakubishana. Alikunja tawi changa, akatuonyesha chini ya jani vidukari waliojazana kama ufuta kwenye mkate, na sisimizi wakipanda kuwafuata. Akasema majani laini namna hii ni karamu ya wadudu, na mti unaoshibishwa hivi hushughulika na majani, hauoni haja ya kuzaa. Nikafasiri. Eddo akacheka, akasema kwa Kisomali, hilo nalijua hata mimi, ngamia tasa siku zote ndiye mnene kundini. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yamemkamata, na akaingia ndani kuteleka chai.

Sidhani angebadilika kwa hilo pekee. Kilichombadilisha ni kisima. Tulikuwa na kisima kifupi kwenye kona ya shamba, na majirani wote wa chini yetu walichota hapo, pamoja na mama mmoja aliyekuwa na mtoto mchanga. Mutinda alipokuwa anakunywa chai aliniambia taratibu nimweleze Eddo kwamba mbolea ambayo mti haukuila haikai kumsubiri. Ukimwaga maji mengi inashuka nayo chini, inaingia kisimani na mtoni, na maji ya namna hiyo si mazuri kwa watoto wachanga. Nilifasiri nikiwa natazama kikombe changu. Eddo aliniambia nirudie. Nikarudia. Mtu asiyetoka kwetu hawezi kujua uzito wa maneno hayo. Kwetu mtu anasamehewa mengi, hata damu ina njia yake ya kulipwa, lakini aliyeharibu kisima jina lake huandamana na watoto wake. Eddo aliweka kikombe chini na kusema, "Mwambie anifundishe." Tangu siku hiyo maji ya mtoto yule mchanga tuliyachota kwenye bomba la msikiti, mimi na mtungi wangu, na simlaumu mtu kwa mabega yangu mapana.

Lakini kujifunza ni jambo moja na muda ni jambo lingine. Juma hilohilo Adeer Abdille alipita na mbuzi wake akienda mnadani Garissa, kama alivyozoea. Baada ya chakula mimi nilijinyoosha upande wangu wa chumba, wao wakabaki upande wa pili, na bati halikuzuia sauti. Adeer alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Alisema dada yake hawezi kuzeeka peke yake kando ya mto wenye mamba, akilea miti isiyozaa. Shamba liliandikwa kwa jina la ukoo, na kuna mtu analitaka achimbe mchanga wa kujengea. Eddo akamwomba ampe mvua moja zaidi. Nikasikia kikombe kikirudishwa kwenye sahani. "Nikipita tena baada ya mvua," Adeer akasema, "nionyeshe kikapu kimoja cha ndimu za shamba hili. Kimoja tu, Hawa. Usiponionyesha, tunaondoka pamoja." Eddo akajibu inshallah. Nyumba ya Adeer huko Habaswein ilikuwa kubwa na angewekwa kama malkia, lakini nilikuwa nimemwona anavyotembea alfajiri kati ya miti yake, akiigusa mmoja mmoja. Nilijua kule angekuwa mgeni wa heshima mpaka siku ya kufa.

Eddo hakumkabidhi Mutinda shamba zima. Alimpa safu moja, ile iliyo karibu na ua wa miiba, kama mtu anavyompa mgeni mbuzi mmoja amchunge kwanza. Pengine alitaka lawama igawanyike, pengine alikuwa anaogopa tu. Safu ile ilinyimwa urea kabisa kwa muda. Badala yake tulizoa samadi kwenye zizi la mbuzi wake wachache, tukairundika, tukaimwagia maji, tukaifunika kwa majani ya migomba, na kila mara Mutinda alitia mkono ndani kusikia joto na kusema bado. Alisema samadi mbichi nayo ni ileile kali, inaunguza. Eddo ndiye aliyeunganisha mambo. Siku moja alifungua gunia la urea lililopata unyevu, akanusa, akanusa tena, akaniita ninuse. Ilikuwa harufu ya zizi asubuhi, ile inayochoma macho. "Kumbe nimekuwa nanunua mkojo wa mbuzi uliokaushwa," alisema, "na mbuzi ninao." Nilipomfasiria Mutinda alicheka mpaka akakaa chini, akasema katika miaka yake yote ya kazi hajasikia mtu akieleza vizuri zaidi, ila gunia hilo lina nguvu ya mazizi mengi kwa wakati mmoja, ndiyo maana linataka kipimo.

Mvua zilipokaribia ukaja wakati wa kuirudishia safu ile mbolea kidogo. Mutinda alichukua kikopo cha nyanya, kile kidogo kabisa, akasema hiki kimoja kwa mti ndicho cha msimu wote, nacho kigawanywe mara nne. Wala isimwagwe shinani. Inyunyizwe pale kivuli cha mti cha adhuhuri kinapoishia, kwa kuwa huko ndiko mizizi midogo inakokula, kisha ifukiwe kwa udongo jua lisije likaigeuza hewa, na maji yafuate kiasi, si mafuriko. Ndimu zikishakua, basi, iachwe. Akamalizia kwa haba na haba hujaza kibaba. Eddo alikitazama kikopo kwa dharau ya wazi. Mgao wa robo kikopo, kwa mwanamke aliyezoea mkebe, ulikuwa kama tusi. Kisha akauliza, mara nne? Akafikiri. Akaniambia nimweleze bwana shamba kwamba ngamia ana matiti manne, na tangu babu wa babu zetu mawili hufungwa kwa ajili ya watu, mawili huachiwa ndama, na mtu akikamua yote siku moja amejinyima kesho. Hakuna aliyewahi kumfundisha, alisema, kwamba kulisha nako kuna matiti manne. Mutinda aliposikia alivua kofia. Tangu hapo walielewana kwa ishara, na mara nyingine nilijikuta nimesimama katikati yao sina kazi.

Safu ile ilichanua. Ilikuwa harufu ya ajabu, iliingia mpaka chumbani ikashinda dizeli. Majani yake hayakuwa meusi kama ya safu nyingine, yalikuwa ya kijani cha kawaida tu, na Eddo alikuwa akiyaonea huruma kidogo, lakini vidukari walipungua, na maua yalipodondoka yakaacha vishanga vya kijani. Jamani, tulivyovilinda vishanga vile! Eddo aliviombea dua kila baada ya alfajiri. Aliwafukuza ndege kwa kombeo na kunikataza kukamua hata kimoja juu ya wali. Tuliendelea kula ndimu za sokoni huku zetu zikinenepa. Mvua zikaisha. Ndimu zikafika ukubwa wa kuitwa ndimu, chache zikianza kugeuka manjano, na Eddo akasuka kikapu kipya kwa mikono yake, akakitundika ukutani kikiwa kitupu, kikimngoja kaka yake.

Adeer alifika adhuhuri moja, jasho limemkauka, na mbuzi wengi kuliko siku zote. Eddo alimkaribisha, akamtandikia mkeka, akaniambia tupike kwanza, mtu mwenye njaa haonyeshwi kitu. Tulikuwa jikoni. Adeer, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukaa bure, akaenda kuwashughulikia mbuzi. Wafugaji wote hufanya hivi kabla ya mnada: mbuzi hupewa chumvi, apate kiu, anywe, tumbo lijae, apendeze machoni mwa mnunuzi. Alikuta karai la chumvi la dada yake nje ya kibanda cha pampu, limebaki kidogo chini. Ndani ya kibanda akaona gunia lililofunguliwa, lina kitu cheupe cha chembechembe. Ni nani kwetu angekiita jina lingine? Alijaza karai, akachanganya kwa mkono, akawaita mbuzi kwa mluzi. Kisha akaja kula.

Hatujamaliza kula tulisikia sauti ambayo mfugaji huisikia hata usingizini. Tulipotoka mbuzi walikuwa wakitetemeka, wanasaga meno, mate yanatoka povu, wengine matumbo yamevimba, na mmoja alikuwa tayari ameanguka miguu ikipiga hewa. Adeer alisimama tu. Sijawahi kumwona mtu mkubwa akipungua hivyo mbele ya macho yangu. Eddo alitazama karai, akatazama mlango wa kibanda, akaelewa, na hakusema neno lolote la lawama. Alinituma mbio shamba la jirani ambako pikipiki ya Mutinda ilikuwa imesikika asubuhi. Nilimkuta. Alikuja akikimbia pembeni yangu, akisema kwa pumzi za vipande: maji baridi mengi, na siki, wanyweshwe siki, ule ukali wake ndio utakaoituliza sumu tumboni. Siki hatukuwa nayo. Duka la karibu lilikuwa mjini. Nilipomfasiria Eddo aliuliza jambo moja tu, kama ndimu zinaweza kushika nafasi ya siki. Mutinda alisita, akasema zinaweza kusaidia, ni ukali uleule, lakini zitahitajika nyingi. Eddo akageuka kuitazama safu ya uani.

Nilimshika mkono. Nilimwambia, "Eddo, hizo ndizo za kumwonyesha." Yeye alikwishaondoa kikapu ukutani. "Mbuzi hawangoji," alisema. Tulichuma sote, mbivu na mbichi, tukivunja na matawi, miiba ikitukwaruza mpaka viwiko. Adeer alikamata vichwa na kufungua midomo, Mutinda akakata, mimi nikakamua ndani ya birika la chai pamoja na maji, na Eddo akamimina kooni, mbuzi baada ya mbuzi, akiwasemesha majina ya kubembeleza kana kwamba ni wake. Hadi alasiri safu ile ilikuwa uchi. Watatu walikufa. Waliobaki walilala ubavu wakihema, kisha mmoja akasimama, akajikuna kwenye ua, na mwingine akamfuata. Tulikaa chini pale pale kwenye maganda, mikono inatuwasha, na shamba zima linanuka ndimu. Mutinda alikwenda pampuni kunawa ili atuachie nafasi.

Adeer ndiye aliyeanza. Alisema, bila kumtazama dada yake, "Nilikuja kuona kikapu." Eddo alikinyanyua kikiwa kitupu, akakiweka mbele yake. "Umekiona," alisema. "Kimo matumboni mwa mbuzi wako." Adeer aliswali, akalala pale, na asubuhi akawaswaga mbuzi wake taratibu kwenda mnadani. Eddo siku ile nzima alikuwa akikunja nguo zake na kuzikunjua. Mimi nilikuwa na hasira na mbuzi, na Adeer, na urea, na kila kitu cheupe duniani. Jioni Adeer alirudi akiwa na kitu ndani ya karatasi ya gazeti. Lilikuwa kufuli, kubwa, la shaba, la kutosha kufungia benki. Alikwenda mwenyewe mpaka kibanda cha pampu, akalifunga, akalijaribu mara kadhaa, kisha akamletea dada yake ufunguo. "Chukua," alisema. "Mwenye shamba lazima afunge mlango wa shamba lake." Hatukusikia tena habari za mchimba mchanga. Msimu uliofuata Eddo alimfungulia Mutinda safu zote zilizobaki.

Matokeo yangu yalikuwa yamekwisha kutoka, na mwaka ulipoisha nikaenda chuo, na maisha yakanichukua. Lakini kila likizo nilirudi, na kila nilipokutana na Adeer pale alikuwa anaondoka na mfuko wa ndimu begani, akisema hizi si zangu, hizi ni dawa ya mbuzi. Eddo alikuwa akimjibu, chumvi je, hutaki kidogo? Walizeeka na utani huo. Mutinda alistaafu akarudi Kitui. Nilimpigia simu juzi kumpa habari, akaniuliza kama bado tunatumia kile kikopo. Nilimwambia bado tunatumia, kimeshika kutu, lakini robo ni ileile. Ninapowafundisha watoto wangu darasani, wale wagumu wa kuelewa, mimi simwagi mkebe. Nawapa robo, nafukia, nasubiri. Mwalimu mkuu husema nina subira. Si yangu, niliiazima kwa wawili wale.

Siku ile ya msiba, watu walipopungua, Adeer aliita jina langu. Nilikwenda nikakaa kando yake kwenye mkeka. Aliniuliza ufunguo wa kibanda uko kwa nani. Nikauvua shingoni, ulikokuwa tangu wanawake waliomwosha Eddo waliponikabidhi, nikauweka kiganjani mwake. Aliyapapasa meno ya ufunguo taratibu kwa kidole gumba. Nilidhani atautia mfukoni, maana yeye ndiye mkubwa wa ukoo, na shamba bado lina jina lile lile. Aliutafuta mkono wangu, akaurudisha ufunguo, akavikunja vidole vyangu juu yake kimoja kimoja. "Mwenye shamba afunge mlango," alisema. Kisha akanyoosha mfuko wake mtupu, machozi yakimlengalenga, akaniomba nimchumie dawa ya mbuzi kutoka safu ile ya uani.